Maji ya Mtera Hupotelea Njiani

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa watumia maji pale bwawani Mtera. Wengi mmeniomba niyaandike: wavuvi mliokuwa majini siku ile, walimu mliokuwa darasani, na vijana wetu mlioko Dodoma na Dar es Salaam. Nayaweka yote kama nilivyoyasema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, vijana, na ninyi wageni wetu mliotoka Usangu, kule juu ya mto wetu, usiku ili muwahi hapa asubuhi. Kamwene! Na kwa ndugu zangu wa ng'ambo ya daraja, upande wa Dodoma: mbukwenyi!

Wenzenu walipokuwa wanapanga viti, nilishuka ukingoni. Mnavijua vile visiki vyeupe. Bwawa lilipokamilika mwaka 1980, maji yalipanda yakaikuta miti imesimama, nayo ikafia hapo hapo. Nilisimama chini ya kisiki kimoja nikatafuta alama ya maji ya zamani, ule mstari wa rangi ya chai uliobaki kwenye gamba. Nikaukuta juu ya kichwa changu. Nikainua mkono, sikuufikia. Na chini, pale ambapo ningepaswa kuwa nimezama, kuna mtu amelima mahindi. Mahindi mazuri, yamefika kiunoni, yana rangi ya kijani iliyokolea.

Simlaumu aliyelima. Udongo ulioachwa na bwawa ni mtamu, na watoto wanataka ugali. Lakini najiuliza, na ninyi jiulizeni: mkulima huyu amepata wapi uhakika huo? Nani amemwambia kwamba maji hayatarudi kabla hajavuna?

Hakuna aliyemwambia. Amezoea tu. Sote tumezoea. Na ndiyo maana nimekuja na swali moja ambalo sitaliachia mpaka nishuke hapa: maji yetu yanakwenda wapi?

Ukimuuliza mtu yeyote stendi, atakujibu upesi: mvua siku hizi hakuna. Jibu hilo lina raha yake, kwa sababu mbinguni hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko. Mvua ikilaumiwa, kila mtu anakwenda kulala.

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa kijana nilipoanza kazi ya kusoma vipimo vya mto. Kazi yenyewe ni ndogo: ubao wenye namba umesimikwa majini, unakwenda asubuhi, unasoma, unaandika kwenye daftari, unarudi jioni, unasoma tena. Mwishoni mwa mwaka 1993 nilipelekwa Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Wazee wa kazi walikuwa wameniambia kwamba Ruaha Mkuu, mto unaolijaza bwawa letu, hupungua kiangazi lakini haukomi, na kwenye madaftari yao yote hakuna aliyewahi kuandika sifuri. Mimi nilifika nikaukuta ubao umesimama kwenye mchanga. Mchanga mkavu. Nilizunguka ule ubao mara mbili nikidhani nimekosea mahali. Mbele kidogo kulikuwa na dimbwi moja la tope, viboko wamelundikana humo kama magunia, migongo imepasuka kwa jua, na harufu ile siwezi kuwaelezea mbele ya akina mama. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu. Kisha nikaandika sifuri.

Mwaka uliofuata, sifuri. Uliofuata, sifuri tena. Tangu wakati huo mto ule, uliokuwa haukauki, umekuwa ukikauka kila kiangazi, miaka mingine wiki chache, miaka mingine miezi mitatu na zaidi.

Je, ni mvua? Wataalamu walichambua vipimo vya mvua vya Usangu na milima yake, vya miongo mingi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hawakuona mvua imepungua kwa kiasi kinachoweza kueleza mto kukatika. Mvua ilikuwa na miaka yake mibaya na miaka yake mizuri, kama zamani. Nasema hivi nikijua kwamba joto limeongezeka na kwamba misimu imevurugika. Ninyi wakulima mnalijua hilo kuliko mimi. Lakini wakati mto unakatika kwa mara ya kwanza, milimani mvua ilikuwa inanyesha. Maji yalizaliwa milima ya Poroto na Kipengere kama kawaida. Yakashuka kwa mito yake, kwa Mbarali, kwa Kimani, kwa Chimala, kwa Ndembera. Yakaingia Usangu. Kisha hayakutoka.

Hayakutoka! Hapo ndipo fundo lilipo, na hapo ndipo nitakapokaa kwa muda, mniwie radhi.

Kuna jambo moja kuhusu Ihefu ambalo kila mtoto wa shule katika bonde hili angepaswa kulijua kama anavyojua jina la mwalimu wake. Ihefu ni bakuli. Maji ya mito yote yale yanatua kwenye bonde lile oevu, na bakuli lina mdomo mmoja tu, pale Ng'iriama, na mdomo wenyewe ni mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba, yanamwagika, mto unaanza safari ya kwenda hifadhini na kuja kwetu hapa. Yakishuka chini ya mwamba, hata kwa upana wa vidole viwili, halitoki tone. Bakuli linaweza kuwa na maji ya kutosha ndege na samaki, ukasimama pale ukayaona kwa macho yako, na bado mto wa chini umekufa.

Na lile bakuli liko juani. Jua linakunywa, majani yanakunywa. Kwa hiyo ili kidogo kitoke, lazima kingi kiingie. Watafiti walipiga hesabu hiyo. Ili kiangazi mto upite hifadhini japo kwa uchache wa kuwaokoa wanyama, inatakiwa kama mita za ujazo 0.6 kwa sekunde. Tuseme kwa madebe: madebe 30 kila sekunde. Ili hayo 30 yatoke Ng'iriama, yanatakiwa kuingia Ihefu mita za ujazo zipatazo 7, yaani madebe 350. Je, yalikuwa yanaingia mangapi? Kati ya mwaka 1998 na 2003, wastani wa kiangazi ulikuwa mita 4.3. Madebe 215. Hapo mnaona wenyewe: hayakosekani maji yote, yanakosekana madebe 135, na hayo 135 yaliyokosekana yanaua yote.

Mmenielewa? Mimi nikichota langu moja, ninaona nimechota moja. Jirani anachota lake. Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa. Hatukufundishwa kwamba haba na haba ndiyo inayokikausha pia.

Miaka ya 1970 mwanzoni Usangu ilikuwa na kilimo cha umwagiliaji cha kama hekta 10,000. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya 40,000 mwaka wa mvua nzuri. Yalikuja mashamba makubwa ya serikali, Mbarali kisha Kapunga, na pembeni yake wakulima wadogo wakafungua mifereji yao kwa maelfu. Mchele wa Mbeya mnaokula Dar es Salaam na mnaousifia harufu, umetoka hapo. Sitasimama hapa niseme mpunga ni dhambi. Mpunga umesomesha watoto, umejenga nyumba za bati, na masika maji yapo ya kumtosha kila mtu.

Shida ni kiangazi. Ngoja niwaeleze usiku mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi kama huu wa Agosti, nilikwenda juu kumsalimia rafiki yangu mkulima. Alinilaza kwake. Usiku nikasikia maji. Si mvua, ni maji yanayotembea. Nikatoka na tochi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mfereji unajaa pomoni, unaingia kwenye majaruba. Nikamulika majaruba: hakuna mpunga. Kulikuwa na mabua ya msimu uliopita, ndago, na bata wawili. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, yamesimama tu, yanangoja jua la kesho. Nikaenda kwa ukingo wa mfereji mpaka kwenye banio, kile kizuizi kinachogeuza maji ya mto yaingie mferejini. Mbao za lango zilikuwa zimeegeshwa ukutani, kavu, utando wa buibui umezishika. Upande wa mfereji maji yananguruma. Upande wa mto, mawe. Niliweza kuvuka Ruaha kwa viatu.

Asubuhi nikamuuliza mwenyeji wangu: yale maji ni ya nini? Akaniambia kwa unyoofu kabisa, na ninamheshimu kwa hilo: "Ya kufulia, kaka. Na tofali. Na ng'ombe wa jirani. Yakifika mwisho, yanakwenda yanakokwenda." Nikamuuliza, mbona hamfungi usiku? Akasema, "Tukifunga, wa mfereji wa juu watayachukua."

Jibu hilo nililibeba mpaka leo. Hakusema "tunayahitaji." Alisema "watayachukua." Mtu hafungi banio kwa sababu hana imani kwamba aliye juu yake atafunga. Na aliye juu hafungi kwa sababu hiyo hiyo. Kutoka banio la kwanza mpaka la mwisho, kila mmoja ana hofu ya mwenzake, na hofu hiyo inalipwa na kiboko wa Msembe na mvuvi wa Mtera.

Kuna na jambo lingine hapo ambalo wahandisi wenzangu hawapendi kulisikia. Zamani mabanio yalikuwa ya mawe, magogo na majani. Yalivuja. Kila masika mto uliyang'oa, wakulima wakaanza upya. Tuliona ni ushamba. Zikaja fedha, tukajenga mabanio ya zege, imara, yenye mageti ya chuma, tukasema tumeboresha umwagiliaji. Na kweli yakawa imara: mengine yana uwezo wa kukinga karibu mto wote wakati wa kiangazi. Lile la mawe lilikuwa linavujisha haki ya wa chini bila mtu kuamua. La zege halivuji. Sasa ni lazima mtu aamue. Je, tulimfundisha nani kuamua? Tulijenga zege, hatukujenga mapatano.

Wazee wangu, nije kwenye jambo linaloniuma.

Mwaka 2006 kina cha Mtera kilikuwa kimeshuka chini ya mita 690 kutoka usawa wa bahari. Mnajua bwawa likijaa linasimama mita 698.5, na maji ya kazi ni yale yaliyo kati ya namba hizo mbili, mita nane na nusu tu. Nchi iliishi kwa mgawo wa umeme. Vinyozi, mashine za kusaga, hospitali, wote gizani. Nchi ikiwa gizani hutafuta wa kumlaumu, na aliyeonekana kwa urahisi alikuwa mfugaji. Ng'ombe anaonekana. Ng'ombe ana vumbi. Mfereji unapita kimya nyuma ya nyumba, nani atauona?

Wafugaji wakaondolewa Usangu, mwaka 2006 na 2007, na mifugo yao kwa maelfu, wengine wakaishia Lindi. Mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ikawa hifadhi ya zaidi ya kilometa za mraba 20,000. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ng'ombe wengi kwenye bonde oevu wanaharibu, silikatai; wanakanyaga, wanachimba vijito, wanakula matete. Lakini ng'ombe anakunywa debe mbili kwa siku. Majaruba yaliyojazwa maji bila mpunga, yanakunywa kiasi gani?

Familia zile zilihama. Na mto? Machi 2001 Waziri Mkuu wetu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alikuwa ameahidi mbele ya wageni London kwamba kufikia 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Ilikuwa ahadi ya heri. Mwaka 2010 ukaja, ng'ombe hawapo, na mto ukakauka. Ukakauka vile vile.

Wapo watakaoniambia: mbona Kondoa ilifaa? Ni kweli, Kondoa ilifaa. Mwaka 1979 mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka, chini ya mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na majani yakarudi kwenye makorongo yale mekundu. Lakini Kondoa ugonjwa ulikuwa mteremko uliobaki uchi. Usangu ugonjwa ni mfereji uliobaki wazi. Dawa ya malaria humpi mwenye jino.

Na kwa kuwa nimetaja udongo, ndugu zangu wa Dodoma wasidhani wamesahaulika. Malambo na mabwawa yenu madogo hayafi kwa kunywewa, yanafia tope. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walipima Ikowa, Matumbulu na Msalatu. Walikuta udongo unashuka kutoka milimani kwa kasi ambayo bwawa lililojengwa likategemewa na vizazi, umri wake unaweza kuhesabika kwa miongo michache tu. Ukiona lambo limekauka mapema, kabla hujatazama mawingu, shuka katikati uchimbe. Utakuta bwawa bado limejaa. Limejaa mlima.

Hapa kwetu jua nalo lina mgao wake, tena mkubwa. Mtera ni bwawa pana lisilo na kina kirefu. Likijaa linazidi kilometa za mraba 600. Joto la ukanda huu linanyonya kama mita mbili za maji kwa mwaka. Mvua inarudisha nusu mita hivi. Zidisheni wenyewe nyumbani. Ni karibu mita za ujazo bilioni moja zinapanda hewani, kutoka bwawa linalobeba bilioni 3.2. Hilo hatuwezi kulizuia. Nalisema ili mjue kwamba maji ya masika hayawezi kuwekwa hapa miaka na miaka yakatungoja. Mtera ilijazwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Miaka minane baadaye ilikuwa tope.

Kuna pia namna mabwawa yenyewe yanavyoendeshwa. Mtera ni ghala la Kidatu, bwawa la umeme lililo chini yetu. Maji yakitoka hapa yanazungusha mitambo ya megawati 80, kisha yanashuka Kidatu kuzungusha ya megawati 204. Lakini kati ya hapa na Kidatu kuna mito mingine inayoingia. Watafiti waliochunguza ukame wa umeme wa miaka ya 1990 walionyesha kwamba, maji ya Mtera yangetunzwa wakati mito ile ya kati imejaa, hali isingefika pale ilipofika. Ndiyo kusema, hata sisi wataalamu tuliacha lango wazi usiku. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa wanaoandika namba na sikupaza sauti.

Sasa nawaambia kwa nini jambo hili ni la mwaka huu na si la mwaka mwingine.

Kwa miaka 30 taifa lilikuja kututazama kwa sababu moja: taa zilikuwa zinazimika. Kila Mtera iliposhuka, mawaziri walikuja, kamera zilikuja. Leo tunalo Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na tunamshukuru Mungu. Lakini sehemu kubwa zaidi ya maji ya Rufiji, mto unaolijaza bwawa hilo, inatoka Kilombero, si kwetu. Taa za Dar es Salaam zinaweza kuwaka vizuri kabisa na Ruaha ukiwa mchanga. Mmelisikia hilo? Zinaweza kuwaka vizuri kabisa! Mvuvi wa perege hapa ataweka nyavu juu ya paa, mama wa Migoli atatembea kilometa na ndoo, na hakuna kamera itakayokuja. Tusingoje tena kuokolewa na giza la watu wengine.

Sheria ipo. Kila anayechepusha mto anatakiwa kuwa na kibali kutoka kwa bodi ya maji ya bonde, na kibali kina kiasi. Lakini kibali ni karatasi, na karatasi hailali kwenye banio. Anayelala kwenye banio ni mkulima. Kwa hiyo mimi siombi askari. Naomba jambo dogo ambalo wageni wetu wa Usangu wamekubali asubuhi hii tukinywa chai, na nimeruhusiwa kulisema: kwamba kuanzia kiangazi hiki, kwenye mto mmoja tu kwanza, mabanio yatafungwa kwa zamu, kuanzia la juu kabisa. La juu, siyo la chini. Aliye juu akifunga wa kwanza, yule rafiki yangu hatakuwa na wa kumwogopa. Nao wameomba kitu kimoja kutoka kwetu: tuvijengee vijiji vya juu visima, ili mtu asifungue mto mzima kwa ajili ya kufua shuka. Hilo ni haki yao. Halmashauri zetu mpo hapa, mmesikia.

Na wameomba twende tukaone, kwa sababu wamechoka kuhukumiwa na watu ambao hawajawahi kushika lango lao.

Basi linaondoka Jumatano saa kumi na moja alfajiri, hapa hapa darajani. Nafasi ni 40, katibu ana daftari pale mezani. Nataka wavuvi wasipungue 15, na nataka akina mama. Vijana wawili mtakaojifunza kusoma ubao, mje na kalamu. Daftari langu la zamani nitalibeba, lile lenye sifuri, na ukurasa unaofuata ni mweupe. Vaeni viatu vya matope. Tutafika jioni, tutalala kwao, na usiku tutatoka na tochi kwenda kusikiliza mfereji.